Kutaka rai ya daktari wa pili si kumdharau wa kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nilitoe jambo lililonikaa rohoni tangu Ramadhani.

Mimi ni mshona kofia, mkaazi wa Wete, Pemba. Kofia za viua ndizo zilizowasomesha wanangu. Mwaka jana kidole changu cha shahada kilivimba chote, toka shinani hadi nchani, kikawa hakikunjiki. Kisha kikafuata kisigino. Alfajiri nikiamka, saa nzima hupita mikono haijafunguka, hata udhu nikatiliwa maji na binti yangu. Jirani huyu akasema jongo, yule akasema baridi yabisi.

Hospitali nilipimwa damu na kupigwa picha. Kipimo cha jongo safi, cha baridi yabisi safi. Daktari akayatazama magamba meupe ya viwikoni, ambayo miaka yote nikiyaita pumu ya ngozi, akasema huenda ni soriasisi, maradhi ya ngozi yenye magamba, iliyoingia kwenye viungo. Akaniandikia methotreksati, dawa ya kuyatuliza maradhi hayo.

Niliingiwa na hofu. Vipimo safi, dawa kali ya nini? Nikamwambia kwa adabu, "Daktari, naomba nakala za vipimo na picha nikamuulize na mwengine kabla sijaanza." Akafunga faili. Akasema kama simuamini niende ninakoamini. Nakala sikupewa.

Ilinichukua miezi minne kuchanga nauli na fedha za vipimo vipya. Nikapanda boti Mkoani, nikenda Unguja.

Daktari wa pili, mama mmoja mtulivu, hakuanza na karatasi. Alizishika kucha zangu akazigeuza kwenye mwanga: zimejaa vishimo vidogo vidogo mithili ya subana yangu ya kushonea, nami nikidhani ni kazi ya sindano. Akaniomba nivue mtandio, akapekua kichwa na nyuma ya masikio. Nilichokiita mba, akasema ni soriasisi ile ile. Akanieleza kuwa wengi wenye maradhi haya kipimo cha baridi yabisi huwa safi, na hakuna kipimo kimoja cha damu kinachoyathibitisha. Daktari huunganisha ngozi, kucha, vidole na picha. Dawa ile humezwa mara moja kwa wiki, si kila siku, damu na ini hupimwa mara kwa mara, na mwenye mimba haimfai. Ukichelewa, viungo huliwa na havirudi.

Kumbe daktari wa kwanza alikuwa sahihi. Nalisema wazi kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi. Angenipa nakala na dakika kumi za maelezo, ningeanza dawa miezi minne kabla. Leo kidole cha shahada kimepinda, hakinyooki hata katika tahiyatu.

Nawaomba wanaosimamia hospitali zetu, mgonjwa akitaka nakala za vipimo vyake apewe, hata kama foleni ni ndefu. Ni mwili wake. Na wewe msomaji mwenye mba isiyosikia dawa na viungo vinavyovimba, mwambie daktari yote mawili kwa pamoja, na kucha mwonyeshe, uziondoe hina kwanza apate kuziona.

Mimi nimeshaanza dawa, nameza kila Jumamosi. Uvimbe wa kisigino umepungua. Sindano bado sijaishika.

Mshona kofia,
Wete, Pemba