Ajira ya ualimu niliyoisubiri miaka nane imetoka, na mimi siitaki. Nishaurini

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo. Mwakeye.

Mi ni dada wa miaka 33, naishi Kigoma mjini huku Mwanga, nina mtoto mmoja wa kiume yuko darasa la kwanza, baba yake tuachane naye hiyo ni barua nyingine kabisa. Naomba mnivumilie maana najua kuna watu wana vyeti vyao ndani wanalia usiku na mchana wakitafuta hiki nilichopata mimi, na nikisema sikitaki wataniona nina mapepe.

Iko hivi. Wiki iliyopita nilikuwa kibandani kwangu pale mwalo wa Kibirizi, mitumbwi ya uvuvi inapofikia, nimeshika betri ya mtumbwi wa watu mkononi, simu ikaingia meseji kwamba nimepangiwa kituo cha kazi, mwalimu wa sekondari, Nanyumbu huko Mtwara. Niripoti ndani ya siku 14. Nikaisoma mara mbili. Afu nikarudisha simu mfukoni nikaendelea kusugua vichwa vya ile betri. Yaani sikupiga kelele, sikulia, sikumpigia mtu. Hapo ndo nikajua nina shida.

Ngoja nianze nyuma kidogo ndo mtanielewa. Nilimaliza digrii ya ualimu 2017, Kiswahili na Jiografia. Mkopo wa bodi nilipata lakini haukutosha ada, kilichobaki baba mzazi alikiuzia ekari moja na nusu ya michikichi kule Mwandiga, na ni yeye aliyeipanda kwa mikono yake kipindi yupo reli, kila akipata likizo anaenda kupalilia. Nalisema hili mapema kwa sababu ndo linaloniumiza kuliko yote. Baada ya chuo nikaomba ajira, nikaomba tena, nikafundisha shule moja ya binafsi ambayo mpaka leo inanidai uvumilivu na mi naidai mshahara wa miezi minne. Zamani walimu mlikuwa mnapangwa tu jina linatoka, siku hizi mpaka usaili, mchujo wa kuandika kwanza ndo mje muonane ana kwa ana. Nilifanya usaili nikarudi nyumbani nikasahau, kweli nilisahau.

Kilichonipeleka Kibirizi ni njaa, sio ndoto. Mama mdogo anafanya dagaa, ananunua alfajiri mitumbwi ikirudi, anaanika, anauza kwa wanaopeleka Dar na wengine wanavusha Kongo. Nikawa namsaidia kuanika. Kazi ile msiione hivi, jua likiwaka ni hela, mvua ya masika ikikukuta na gunia nne mchangani unawaangalia wanaoza huku umesimama, na harufu ile hata ukioga na limao haitoki, mwanangu alikuwa anasema mama unanukia chakula.

Sasa 2024 Ziwa Tanganyika likafungwa. Mei 15 mpaka Agosti 15, miezi mitatu hakuna kuvua, lipumzike samaki wazaliane. Mwalo ukawa kama siku ya msiba, mitumbwi yote imevutwa juu, wanaume wamekaa wanacheza bao. Dagaa hakuna, mimi na mama mdogo tunaangaliana. Pembeni ya pale tunapoanikia kulikuwa na mzee mmoja fundi, alianza zamani enzi za karabai, anabadilisha tambi, anazibua zile njia za mafuta, karabai zilipoondoka na taa za betri na sola zikaingia naye akahamia huko huko. Yeye peke yake ndo alikuwa na kazi, kwa sababu kila mwenye mtumbwi alisema kama hatuvui basi tutengeneze vifaa. Na macho yake yalikuwa yameanza kumkatalia, hatofautishi tena waya nyekundu na ya kahawia. Akaniita, wewe mwalimu usiye na darasa njoo unimulikie tochi.

Nikammulikia wiki nzima. Afu akaanza kuniambia soma hiyo mita inasema ngapi. Nikasoma. Afu shika hapa, yeyusha risasi hapo, sio hivyo unaunguza. Nikawa macho yake. Jamani fizikia kidato cha nne nilipata F, naapa, lakini ule mwaka nikaelewa umeme kwa vidole. Nikajua betri ya volti 12 iliyojaa ukiiacha itulie inasoma 12.6 hivi, na ikisoma chini ya 12 bila mzigo wowote huyo mgonjwa ameshachoka, ukiendelea kumkamua usiku mzima unamuua. Nikajua kwa nini watu wanaofunga betri mpya na kuukuu pamoja wanalia kila mwezi, ile kuukuu inaivuta mpya mpaka zote zinakuwa kuukuu. Vitu vidogo tu.

Halafu nikafanya kitu ambacho mzee hakuwahi kukifanya, sijui ni ile tabia ya ualimu ya kupenda rejista. Nikawa kila taa inayoingia naiandika namba kwa rangi ya kucha, afu kwenye daftari la kaunta naandika tarehe, mwenyewe nani, ilikuwa inaumwa nini. Baada ya miezi miwili nikagundua taa zile zile zinarudi na ugonjwa ule ule, maji. Maji yanafuata waya kama mtu anavyofuata njia yanaingia kwenye lile tundu. Mafundi wote tulikuwa tunakausha na kurudisha. Nikaanza kuziba tundu kwa silikoni na kuulegeza waya ushuke chini kwanza ndo upande kuingia kwenye taa, ili maji yakifika pale chini yadondoke yenyewe. Basi. Ni hivyo tu. Taa zikaacha kurudi! Mzee akaniambia wewe utatufukuzisha kazi, kumbe wenye mitumbwi wakawa wanaambizana.

Ile miezi mitatu karibu zote nilifanya kwa mkopo maana nani alikuwa na hela. Ziwa lilipofunguliwa Agosti wakaenda, na wiki ile ile wakaanza kuja mmoja mmoja kulipa, wengine na hela wengine na ndoo ya dagaa, yupo mmoja aliniletea samaki, migebuka sita mikubwa, akasema hii riba. Sijawahi kulipwa hivyo na mwajiri yeyote mwenye ofisi.

Kwa wasiojua, dagaa wa huku wanavuliwa usiku kwa taa. Taa zinashushwa karibu na maji, vile vidudu vidogo vinavyoliwa na dagaa vinapanda juu usiku, dagaa wanavifuata na mwanga unawakusanya, nyavu inafanya yaliyobaki. Kwa hiyo taa ikizima katikati ya usiku wenye mtumbwi wamekula hasara ya mafuta, ya chakula, ya vibarua, kila kitu. Mbalamwezi ikiwa kubwa hawaendi maana dagaa wanatawanyika, siku hizo ndo nalala. Kwa hiyo maisha yangu sasa yanafuata mwezi, giza ni kazi, mwezi ni kupumzika, hata mwanangu anajua, anaangalia juu ananiambia mama kesho huendi.

Na usiku ukikaa huku Mwanga juu ukaangalia ziwani utadhani kuna mji mwingine kule, taa zimejipanga mpaka unashindwa kujua wapi zinaishia. Zangu nazijua. Sio zote, lakini kuna watu wanakaa upande ule ule kila siku na nikiona pengo najua kesho asubuhi nani atakuja kibandani amenuna. Wananiita Ticha. Ticha, taa imezima. Mwanzoni nilikuwa naona wananidhihaki.

Hela naomba niseme ukweli maana najua mtauliza. Mwezi mzuri nikitoa gharama zote nabaki na laki saba mpaka tisa, mwezi mbaya laki tatu, na nina binti mmoja nimeanza kumlipa kidogo. Sina bima, sina mafao ya uzeeni, sina chochote cha kuonyesha benki. Na ziwa likifungwa tena nirudi kwenye mkopo wa daftari. Na sasa hivi zimeanza kuingia taa zimefinyangwa plastiki moja na betri yake ndani, ukitaka kufungua lazima uvunje, nazitazama zile taa kama adui. Kwa hiyo msinione nimelewa mapenzi, hesabu nazijua.

Sasa nilidhani ile meseji nitakaa nayo mwenyewe nifikirie, kumbe kaka yangu aliyeko Dodoma ameona jina langu kwenye pdf ya majina akampigia baba. Jioni hiyo hiyo baba ameshatangazia msikiti mzima. Nimefika nyumbani nakuta majirani wananipa hongera, baba amevaa kanzu ya Idi na siku yenyewe ni Jumanne.

Baba yangu hajawahi kumwambia mtu nafanya kazi gani. Akiulizwa anasema anasubiri ajira. Kuna siku alikuja Kibirizi kununua samaki akanikuta nimekaa kwenye ndoo, waya mdomoni, akapita kama hanijui. Sikumlaumu. Mtu umeuza michikichi yako mwanao awe mwalimu, unamkuta amekaa kwenye ndoo. Lakini mwezi uliopita redio yake iliharibika, akamtuma mwanangu ailete kibandani, na mtoto akaambiwa aseme ni ya jirani. Ile redio naijua tangu niko mdogo, nimeitengeneza nikairudisha nikasema mwambie jirani hela atoe akipata.

Kila mtu ana lake. Kaka anasema nenda kachukue cheki namba kwanza, ile namba ya mtumishi wa serikali, ukishakuwa nayo unakopa benki unarudi unafungua duka la sola kubwa, wewe ni mjinga kiasi gani. Kuna ukweli, lakini kuna mwaka wa majaribio, kuna asilimia 15 ya bodi ya mikopo itakayokatwa kila mshahara, na mkopo wa benki wenyewe unalipwa ukiwa Nanyumbu, sasa duka la Kigoma nitalisimamia kwa simu? Mama mdogo yeye kasema maneno manne tu, dagaa hawana pensheni, mwanangu. Mwenye nyumba wangu ana boti inayopeleka wageni Gombe kwenye hifadhi ya sokwe, na kila anayeongea naye anamtolea mfano wa Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, kwamba yule mama alikuja pale 1960 hana digrii, amesomea ukatibu tu, na udaktari wa Cambridge ulikuja baadaye, kwa hiyo na wewe baki. Nimemwambia, mzee wangu, yule alitumwa na mtafiti mkubwa, Leakey, mi nimetumwa na dagaa.

Yule fundi mzee nilipomwambia alinyamaza muda mrefu, akafuta miwani, akauliza, na mita utaniachia?

Nimelia njia nzima.

Ninachoomba kwenu ni hiki. Kwanza kama kuna mtu aliwahi kupangiwa kituo na hakwenda kuripoti aniambie kilimkuta nini, je milango inafungwa moja kwa moja au unaweza kuomba tena baadaye, maana kila ninayemuuliza ananipa jibu lake. Pili nasikia VETA, wale wa mafunzo ya ufundi, wana utaratibu wa kumpima na kumpa cheti mtu aliyejifunzia ufundi mtaani, kama umeupitia nieleze, unasaidia kitu au ni karatasi ya kuweka na zile nyingine? Na ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile nne wanawake nne vijana mbili wenye ulemavu, najua wanataka kikundi, mi na mama mdogo na wanawake wa pale mwaloni tunaweza kujiunga, ila wao ni waanikaji na mi ni fundi, sijui kama tunaweza kuwa kitu kimoja kwenye andiko au watatukataa.

La mwisho ndo gumu. Nikiamua kubaki, baba namwambiaje? Sio kwamba atanipiga, hawezi hata kunifokea. Atanyamaza. Na michikichi ile hairudi, aliyenunua ameshang'oa amejenga. Nimefikiria nimlipe kidogo kidogo lakini mtu mzima unamlipaje ndoto, atachukulia kama tusi. Nimefikiria pia nimpeleke siku moja usiku pale juu nimwonyeshe zile taa, sema magoti yake yanamsumbua na sijui kama ataona ninachokiona mimi au ataona taa tu.

Tafadhali wenye watoto waliowageuka mniambie mngependa kuambiwaje, na wale mtakaonitukana karibuni pia, ila mkitukana mseme na sababu.

Nimebakiza siku tisa. Saa hizi bado ni giza kwa hiyo mchana kutwa niko kibandani na majibu nitayasoma kwa vipande vipande, lakini mbalamwezi inaanza kukua wiki ijayo, mitumbwi itapumzika, nitakaa chini niwasome wote vizuri.

Ticha wa taa, Mwanga, Kigoma