Nipo Muscat, nataka kununua boti ya uvuvi iliyopo Dar: nani awe jicho langu?

Habari zenu wasomaji wenzangu, wakubwa shikamooni. Naomba mnisaidie mawazo maana kila ninayemuuliza mimi naona ana lake.

Mi ni mtu wa Pangani, kwa sasa nipo Muscat naendesha gari la kampuni, na hela niliyochanga huku nimeamua iende kwenye boti ya uvuvi. Boti mpya ya fiber, mita 9, inatengenezwa kwenye karakana moja Dar. Mke wangu alitaka tumalizie nyumba kwanza ila tumeongea tumeelewana, hilo msihangaike nalo. Shida ni kwamba boti yenyewe sijaiona kwa macho na likizo yangu mpaka mwakani, na kukata tiketi ya kwenda na kurudi kwa ajili ya kuangalia boti tu, hela hiyo si bora ninunue taa na majaketi ya kuokolea yote.

Bei milioni 18 bila mashine. Wanataka asilimia 60 kwanza ndo waendelee, iliyobaki boti ikiwa tayari kutoka. Bodi lenyewe lishatoka kwenye kalibu (lile umbo wanalolitengenezea), halijapakwa rangi wala kufungwa sakafu, na hapo ndo penye haraka yangu, kwa sababu wakishafunga sakafu na kupaka rangi hakuna tena mtu atakayejua ndani kuna nini.

Jamaa wa mauzo ananitumia video WhatsApp kila siku, sio mvivu kwa kweli. Ila anachotuma ni boti la mteja mwingine lililokwisha, limepakwa buluu linang'aa, singeli inapiga nyuma, anazunguka nalo anapiga ngumi ubavuni anasema "chuma hiki kaka". Kamera ikikaribia tezi, yaani nyuma ya boti, video inakata. Na tezi ndo penyewe! Pale ndo inaning'inia mashine ya HP 40, inasukuma na kutikisa usiku kucha, na ndani yake kuna mbao imefunikwa fiber, matundu ya bolti yasipozibwa vizuri maji yanaingia mbao inaoza taratibu huku nje unaona pazuri tu. Nikamwambia bro nionyeshe tezi la langu, kwa ndani, akanitumia picha ya omo, yaani mbele. Nikarudia, akanitumia ya omo tena, safari hii kwa karibu.

Kuna mzee mmoja hapa Seeb, mvuvi, Kiswahili chake kimenyooka kabisa maana asili yao Zanzibar, na wavuvi wa huku wengi wanatumia hizo hizo fiber. Alinichukua ufukweni akatoa sarafu akawa anagonga boti lake hatua kwa hatua kuanzia omo mpaka tezi. Panapolia kali kavu, pazima. Alipofika karibu na mkuku (ule uti wa chini ya boti) sauti ikabadilika ikawa butu kama unagonga boga, akasema hapo tabaka za fiber hazijashikana, alilinunua hivyo hivyo na kila mwaka anaparudia. Akasema pia bodi likiwa halijapakwa rangi mtu mmoja akae nje na tochi giza likiingia, mwingine awe ndani, mapovu ya hewa na pale ambapo nyuzi hazikulowana resini (ile gundi ya fiber) unayaona. Sasa kazi hiyo sio ngumu, sarafu na tochi nani hana. Ngumu ni kupata mtu wa kuifanya halafu akaniambia ukweli.

Wa kwanza ni mdogo wangu, ndo atakuwa nahodha. Dogo bahari anaijua, hilo sina wasiwasi nalo, ila boti anaitaka mno. Kwa sasa anavulia chombo cha tajiri mwingine, wakishatoa mafuta, barafu na chakula, nusu ya kinachobaki ya tajiri, nusu ndo wagawane wao kundi zima, kwa hiyo hata ungemuonyesha boti lenye tundu angesema tutaziba. Nasikia ashaanza kuongea na vijana wa kwenda nao ringineti (ule wavu mkubwa wa kuzungushia samaki). Nikimuuliza kitu jibu lake ni "braza tuma hela, giza linatupita", yaani zile siku za kuvua usiku zisizo na mbalamwezi.

Wa pili mjomba wangu. Huyu amekula chumvi nyingi, mashua amezijenga kwa mkono wake, na fiber haitaki hata kuisikia. Kwake chombo ni mbao, unakikalafati, unakipaka sifa (mafuta ya papa), unakipandisha pwani unakichoma chini kwa makuti wadudu wafe, basi. Nikimtuma yeye najua jibu kabla hajapanda basi. Ila kuna neno alilisema siwezi kulipuuza. Alisema hilo kalibu kaliona, maboti yake wanauziwa sana watu wa kanda ya ziwa, omo yake fupi. Wanaoijua Pangani wanaujua mlango wa mto, kipindi cha kusi maji yanapotoka mtoni yanakutana na wimbi la bahari uso kwa uso, wimbi linasimama, na boti lenye omo fupi linalichota lote. Nilimuuliza jamaa wa mauzo kama omo inaweza kuinuliwa akanijibu boti ni boti kaka. Jibu gani hilo sasa.

Nikafikiria nimlipe fundi wa fiber wa karakana nyingine akakague. Lakini hawa mafundi wanajuana, wengine wamefundishana kazi, leo yuko huku kesho yuko kule, na akiwa ni mshindani wao ataniponda boti nihamie kwake. Rafiki yangu wa Temeke yuko tayari kwenda hata kesho, mtu mwaminifu hasa, ila yeye ni fundi bajaji.

Nasikia wengine wanasema subiri TASAC, wale wa serikali wanaosimamia usalama wa vyombo vya majini, chombo lazima wakikague ndo kipate cheti. Sawa, na bila hivyo sitoi boti baharini, lakini navyoelewa mimi wale wanakuja boti ikiwa imeshaisha, na mi hela yangu kubwa itakuwa ishaliwa kabla hawajafika.

Jambo jingine la kulifikisha nyumbani. Karakana wanasema usafiri juu yangu. Dogo anataka alipeleke kwa maji, apite Bagamoyo na Saadani, na kusi inasukuma kwa nyuma atafika vizuri tu. Sasa mi najiuliza, likionyesha ufa akiwa katikati, hiyo ni ya nani? Watasema tulikukabidhi zima, dogo kaligonga mwamba. Ndo maana nataka kwenye mkataba iandikwe kwamba ile asilimia 40 inalipwa baada ya boti kushushwa majini na kujaribiwa na mashine na mzigo, sio ikiwa imesimama kwenye stendi imepakwa rangi. Hilo wamelikataa, wanasema hawajawahi kufanyiwa hivyo na mteja yeyote.

Senti sijatoa mpaka sasa. Jamaa amenipa hadi Ijumaa, baada ya hapo anasema bodi analimpa mtu mwingine wa Bagamoyo mwenye keshi.

Naomba mnaojua mnisaidie hapa. Aliyewahi kuagiza fiber akiwa mbali, alimtumia nani kuikagua na alimlipaje ili asiegemee upande? Nikiwapeleka dogo na mjomba pamoja, wakagonge na sarafu huku mi nipo kwenye video kol, watanisaidia au watagombana wawili wale mpaka kukuche? Na wale wa Pangani na Kipumbwi mliokwisha nunua fiber, omo yenu ina urefu gani kutoka majini na kusi mnatoka mlangoni bila taabu? Halafu mashine, dogo anataka Yamaha Enduro 40 moja, mi nawaza 15 mbili ili moja ikifa usiku waweze kurudi, ila naambiwa mbili hazitavuta ringineti. Mnasemaje?