"Harusi ya nani hii?": Barua ya wazi kwa Waziri wa Kaunti ya Mombasa anayesimamia utamaduni

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam aleikum, na kwetu sisi wa upande wa Freretown, Bwana asifiwe.

Mimi ni mpiga saksafoni, nami nakuomba mahali padogo na kibali cha kupiga muziki pasipouzwa pombe. Kila Ijumaa usiku napiga bango, muziki wetu wa dansi wa Pwani, na rumba kwenye baa moja huko Kisauni. Jina la baa nitalisitiri, maana mwenyewe ni muungwana na bado ananidai. Tuko wanne: gita, kinanda, ngoma na mimi. Televisheni haizimwi. Mpira wa Uingereza ukipamba moto, meneja hutupungia mkono tupunguze sauti, nasi twapunguza. Simlaumu. Yeye anauza bia, na bendi ni chambo. Siku chambo kitakapoacha kuvua atamwita dijei na kompyuta yake, mtu mmoja asiyekula sahani nne za pilau.

Kinachoniuma ni wale waliobaki nje ya mlango. Mama yangu ni mwanakwaya tangu ujana wake, na hajanisikia nikipiga hata Ijumaa moja. Hawezi kuingia mle. Na ami yangu mmoja wa Mji wa Kale (ami wa heshima, si wa damu), ambaye vidole vyake kwenye udi, ile ala ya nyuzi ya taarab, vyaweza kukusimamisha njiani na mzigo kichwani, hapiti hata ng'ambo ya barabara ile. Tumejuana miaka tisa. Hatukuwahi kukaa jukwaa moja.

Mwezi uliopita nikamfuata barazani kwake baada ya Isha. Alikuwa akifunga nyuzi. Udi wake una nyuzi 11, jozi tano na mmoja ulio peke yake, na upepo wa bahari huzilegeza kila saa, kwa hivyo nusu ya maisha ya mpiga udi wa Mombasa huishia kwenye kukaza vigingi. Anapigia kipande cha plastiki alichokikata kwenye chupa ya sabuni. Mimi nikatoa saksafoni, nikapuliza mara moja tu, udi ukafa palepale. Haukusikika. Ami akacheka, akaingia ndani, akatoka na taulo. Tukaisokomeza kwenye mdomo mpana wa saksafoni, kule sauti inakotokea, nikapuliza kwa pumzi ya mtu anayepoza chai. Hapo ndipo tuliposikizana.

Tulipiga kama saa moja. Hakukuwa na spika wala maiki wala stima, ila taa ya mlangoni. Watoto wakaketi chini, vijana wa kahawa wakasogeza mabirika yao. Bibi mmoja akipita na buibui lake akasimama, akauliza: "Harusi ya nani hii?"

Mheshimiwa, swali hilo halijanitoka kichwani. Bibi hakukosea. Mombasa ya leo, ukisikia ala inapigwa na mkono wa mtu, basi ama ni harusi, ama ni baa, ama ni hoteli ya ufuoni inayowaimbia wageni. Sikatai kwamba milango hiyo mitatu imetulea. Hotelini ndiko walikopata riziki bendi ya Them Mushrooms kabla ya nchi nzima kuwajua. Harusini ndiko taarab yetu, udi wa Zein l'Abdin na sauti ya Juma Bhalo, vilikozungumza na watu wetu mpaka wazee hao walipotutoka, Bhalo 2014 na Zein 2016. Na bango ya Mzee Joseph Ngala, ambayo ndani yake mna chakacha na beni, ngoma zetu za Pwani, mna saksafoni ya jazi, imeishi miaka mingi kwenye kumbi za pombe. Lakini kwa asiyealikwa, asiyekunywa na asiye mtalii, hakuna mlango wa nne.

Nilijaribu kuutafuta. Nikaenda kwenye dirisha fulani la ofisi ya vibali kuuliza kibali cha kupiga muziki jioni, watu wakae, wasikize, waende zao. Swali la kwanza nililoulizwa ni, "Mutauza kinywaji gani?" Nikasema kahawa. Yule kijana akanitazama kama niliyemtania. Baadaye nikafungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, sehemu ya kazi za kaunti. Humo utamaduni, burudani za umma na leseni za pombe vimewekwa chini ya kipengele kimoja. Huenda kijana wa watu ameisoma vizuri kuliko mimi! Hata hivyo kuwekwa pamoja si kuoana, na ofisi yako ndiyo yenye uwezo wa kuvitenganisha.

Utaniambia kuna Mama Ngina, ile bustani ya ufuoni. Kweli, pamependeza tangu paboreshwe 2019, lakini pale upepo na ukubwa vinadai spika kubwa, na spika kubwa zinadai fedha na kelele, tena jirani ana haki ya kulalamika. Ninachotaka ni padogo. Ulaya, muziki wa miaka 400 iliyopita mpaka leo wanaupiga makanisani na kwenye kasri za kale bila kipaza sauti, kwa sababu ala zile zilitengenezwa kwa ajili ya kuta za mawe na masikio ya karibu. Moja ya ala hizo, lute, hata jina lake limetoka kwenye Kiarabu al-ud. Ni jamaa ya udi wa ami. Sisi kuta za mawe tunazo. Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga 1593, ni ya rika moja na muziki huo. Najua ngome iko mikononi mwa Makumbusho ya Kitaifa na si mwako, lakini barua yako kwao ina uzito ambao yangu haina. Wakikataa, ukumbi wa Tononoka unatosha, au ua wowote wenye kivuli na choo.

Naomba Jumanne. Ijumaa niko baani, na usiku wa kuamkia Ijumaa watu wa Mji wa Kale wana shughuli zao. Tuanze Isha ikishasaliwa, tumalize saa nne, kina mama wapate matatu ya kurudia. Viti 60 vya kukodi, lango lililo wazi, na kibali kisichouliza kinywaji. Malipo yetu mutuachie sisi na sahani ya kuchangia mlangoni, walau miezi mitatu ya kwanza.

Ami ameshakubali. Amenituma nikwambie taulo analo.

Wako mtiifu,
Mpiga saksafoni, Kisauni