Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mwaka 2007

Ndugu wanachama wa chama chetu cha madereva wa malori hapa Marekani,

Shughuli za kawaida mnazijua. Misiba tumezikana, Idi na Krismasi tumekula pamoja, na vijana wapya kutoka nyumbani wamesaidiwa kupata leseni za malori. Mweka hazina atasoma hesabu kamili. Kwa ufupi wanachama ni 58, waliolipa ada 23, makusanyo dola 2,760, matumizi dola 2,410, na kati ya hizo dola 1,650 zilikwenda kununua simu mpya. Hizo 1,650 ndizo zilizozua maneno, maana wapo wanaosema tungengoja kwanza.

Madereva wa masafa marefu tumeishi kwa mtandao wa analogi, ule wa zamani wa simu za mkononi na za kwenye gari, ulioanzia Chicago mwaka 1983. Ukishaiacha miji nyuma, kule Wyoming na Montana, mara nyingi ndio pekee ulioshika. Simu ya mkoba, ile kubwa inayokaa kwenye begi ndani ya lori, na antena yake ya sumaku juu ya kichwa cha lori, inarusha wati 3. Ya mkononi haifiki hata wati 1. Tena analogi ilikuwa moja kwa kampuni zote. Unapita Elk Mountain kule Wyoming kwenye barabara kuu ya I-80, upepo unasukuma theluji barabarani, simu inakwaruza, lakini namba ya maili aliyokwama mwenzako unaisikia. Dijitali, yaani mtandao mpya, haikwaruzi, inakata. Hayo nayajua kuliko wanaonilaumu, maana njia ile nimeiendesha kabla chama hakijazaliwa.

Lakini FCC, tume ya mawasiliano ya Marekani, iliamua tangu 2002 kwamba sharti la kampuni kuuweka hewani mtandao huo wa analogi lina mwisho, na mwezi Juni 2007 ikakataa maombi ya kusogeza tarehe. Sharti linakwisha 18 Februari 2008, na kampuni kubwa zimeshatangaza kuzima. Wanaosema tungengoja, tungengoja nini?

Kamati ikanunua simu za CDMA, aina mojawapo ya dijitali, zenye analogi pia ndani yake, pamoja na antena za nje, ili mwanachama asikose mawasiliano kabla wala baada ya tarehe hiyo. Kuna wanaolalamika kuwa hazina laini ya kadi (SIM) ya kubadilisha, hivyo ukienda Dar au Mombasa hazikufai. Ni kweli. Hatukuzinunua kwa ajili ya likizo. Bei niliibembeleza mwenyewe, na mafuta ya kwenda kuzichukua yalitoka mfukoni mwangu.

Uamuzi ulipitishwa kikaoni mwezi Septemba. Waliohudhuria walikuwa 9. Wengi wa wanaoongea leo hawakufika wala hawakutuma udhuru, na baadhi yao hawajalipa ada tangu 2005. Inaniuma kusemwa kwenye vituo vya mafuta na watu ambao viti vyao vilikuwa vitupu. Simu zimepewa waliolipa, na msimamo huo sitaubadilisha.

Kwa mwaka 2008 tunatarajia, Mungu akijalia, kuongeza antena na kuwa na mtu wa zamu wa kupokea simu za usiku. Itategemea ada.

Kwa wenye simu ya mkoba pekee ndani ya lori: baada ya tarehe 18 Februari msiitegemee, hata kama siku za mwanzo bado itashika. Waambieni na wake zenu, maana wao ndio wanaoipiga usiku.

Wenu katika kutumika,
Mwenyekiti