Kabla ya Januari, tuulizeni sisi walimu wa chuo

Mhariri,

Assalamu alaykum. Nasomesha chuo cha Kurani hapa Micheweni, Pemba. Watoto huletwa kwangu wakiwa na miaka mitatu au minne, skuli haijawajua bado. Mwalimu wa maandalizi, yaani madarasa ya kabla ya darasa la kwanza, anapowapokea, mimi nishakaa nao mkekani muda mrefu, wala haji mtu kuniuliza kitu.

Yupo mwanafunzi wangu ambaye sikio lake la kulia halisikii. Ukimwita kwa upande huo hageuki. Ukikaa kushoto kwake anakufuata herufi kwa herufi, na Alhamdu keshaihifadhi. Alipoingia maandalizi mwaka huu aliwekwa nyuma, dirishani, sikio lake zima likielekea barabarani. Haukupita muda mama yake akaitwa, akaambiwa mtoto mkaidi. Mwalimu yule simlaumu. Darasa lake limejaa na hakuna aliyemwambia.

Ninaye na mwengine mwenye ulemavu wa akili. Kutulia hawezi, lakini ikianzwa kasida hurudi mwenyewe akakaa. Mwalimu wa skuli akilijua hilo, hatomkimbilia uwanjani asubuhi nzima.

Kinachonitia hofu zaidi ni kifafa. Wazee wengi hukificha wakati wa kuandikisha, wakichelea mtoto asije akakataliwa, au watu wakasema ana shetani. Siku akianguka darasani, wenzake wanakimbia, na mtu mzima anakuja na kijiko amtie mdomoni. Jamani, kijiko kinavunja meno! Mtoto alazwe ubavu, vitu vigumu viondolewe karibu yake, asikamatwe kwa nguvu, na mtu aangalie saa: ikipita dakika 5 hajatulia, akimbizwe hospitali. Haya mwalimu ayajue kabla, si siku hiyo ya kuanguka.

Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliitia maandalizi ndani ya elimu ya lazima, kwa hiyo watoto hawa hawaingii darasani kwa hisani ya mtu. Naomba siku ya kuandikisha mzazi aulizwe, pembeni, si mbele ya foleni: mtoto anasikia vipi, anaona vipi, chooni anakwenda mwenyewe, nini humtisha, nini humtuliza. Aambiwe waziwazi kuwa haulizwi ili mtoto arudishwe nyumbani. Mwalimu wake wa chuo aitwe pia. Majibu yaandikwe na yamfikie mwalimu wa darasa kabla ya kufungua, na mtoto apelekwe skuli siku moja wakati watu hawapo, akaonyeshwe choo, mlango na pahala pake pa kukaa.

Watakaoanza mwakani ninao sasa hivi. Walimu wakuu wa hapa kwetu, mimi nipo chuoni kila siku baada ya sala ya alasiri, isipokuwa Alkhamisi na Ijumaa.

Mwalimu wa chuo,
Micheweni, Pemba