Barua ya wazi kwa wanangu wa sheria: isome hukumu yenyewe

Wanangu mnaoandika tasnifu za mwaka wa mwisho,

Marahaba kwa shikamoo zote mlizonipa kwenye meza ya maktaba. Nimefanya kazi ya ukutubi wa sheria kwa miaka 31, na tangu nistaafu nimejizuia kuwaandikia. Leo nimeshindwa kunyamaza.

Mwezi uliopita nilialikwa kusikiliza utetezi wa tasnifu katika chuo kimoja. Binti mmoja alikuwa anatetea kazi yake kuhusu mgawanyo wa mali za wanandoa talaka inapotolewa. Alizungumza vizuri, kwa sauti ya kujiamini. Akataja hukumu ya Mahakama ya Rufani kwa majina ya wadaawa, namba ya rufaa, mwaka, hadi majaji walioketi. Mtahini akamwomba aeleze ugomvi wenyewe ulikuwa wa nini. Binti akanyamaza. Tukafungua TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, pale pale, tukatafuta kwa majina, hakuna kitu. Tukatafuta kwa namba, ikatoka kesi ya mauaji. Hukumu ile haikuwahi kuandikwa na jaji yeyote wa nchi hii. Aliiuliza programu ya akili mnemba usiku, ikamtungia, naye akaibandika kwenye tanbihi kama ilivyo.

Nilimwonea huruma, na hasira zikanipanda vilevile. Kesho binti huyu ataapishwa kuwa wakili, na mjane atamkabidhi nyumba yake aitetee. Jambo hili limekwisha kuwafika mawakili wazima. Mwaka 2023 huko New York, katika kesi ya Mata dhidi ya Avianca, mawakili waliwasilisha mahakamani maamuzi yaliyotungwa na programu ya aina hiyo, na jaji akawatoza faini ya dola 5,000. Fedha hizo hulipika. Jina la wakili likishachafuka mbele ya jaji, sijui mtu analisafisha kwa sabuni gani.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Hata hukumu ya kweli mnaitaja bila kuisoma. Chukueni kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Rufaa ya Madai Namba 9 ya 1983. Sidhani kama kuna tasnifu ya sheria ya ndoa isiyoitaja. Katika tasnifu nilizopitia, wengi wanaandika kwamba Bi Hawa alishinda na akapata sehemu yake kwa sababu ya kazi za nyumbani. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi, kila mara ikiwa na tanbihi iliyopangwa vizuri chini ya ukurasa.

Bi Hawa hakushinda, wanangu. Rufaa yake ilitupwa.

Jaji Mkuu Francis Nyalali aliyeandika hukumu ile alieleza kwamba Mahakama Kuu ilikuwa imegawanyika. Majaji wengine walikisoma kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971, kinachohusu mgawanyo wa mali za wanandoa, kwa ufinyu, wakasema kupika, kufua na kulea si mchango wa kuchuma mali. Wengine wakakisoma kwa upana. Mahakama ya Rufani ikachukua upana, kwa kutazama ubaya ambao sheria ile ilitungwa kuuondoa. Hapo ndipo wengi wenu mnapofunga ukurasa. Lakini hukumu inaendelea. Mahakama ikatazama fedha ambazo Bi Hawa alipewa na mumewe kwa ajili ya mradi wa familia, ikaona alizitapanya, na kwamba kwa kufanya hivyo mchango wake ulikuwa umekwisha kufutika. Mwanamke aliyewafungulia mlango wanawake wa Tanzania alitoka mahakamani mikono mitupu.

Mnaona tasnifu ilipojificha? Kwa nini mwanamke akitapanya fedha za familia ahesabiwe kuwa amekula sehemu yake? Mwanamume akizitapanya huhesabiwa hivyo? Maswali haya hayako kwenye muhtasari wa kesi, wala kwenye noti mnazorithi kwa kaka na dada zenu waliotangulia. Yako kurasa za mwisho za hukumu, mahali mtu hafiki mpaka akae kitako asome.

Mwingine aliandika juu ya ndoa za utotoni, akaishia kwenye hukumu ya Mahakama Kuu ya Julai 2016 katika kesi ya Rebeca Gyumi, iliyotamka kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa, vinavyohusu umri wa kuoa na kuolewa na ridhaa ya wazazi, vinakwenda kinyume na Katiba. Hakujua kwamba Mwanasheria Mkuu wa Serikali alikata rufaa, wala kwamba Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa hiyo Oktoba 2019. Alikuwa na silaha kubwa kuliko aliyoishika, akaiacha kwa kutouliza swali moja tu: kesi hii iliishia wapi?

Mengine nawatajia kwa ufupi, kwa kuwa walimu wenu wamewaambia, ninyi ndio hamsikii.

Angalieni toleo la sheria mnalonukuu. Toleo la Urekebu la 2023 limeanza kutumika Julai 2025 na vifungu vya baadhi ya sheria vimebadilika namba, lakini bado naona tasnifu mpya zinanukuu toleo la 2002. Kanuni ndogo zitafuteni kwenye Gazeti la Serikali. Vitabu vya High Court Digest, vile vya 1967 hadi 1972, ni mihtasari. Vitumieni kuifikia kesi, msivigeuze kuwa kesi yenyewe. Kwa hukumu za kabla ya Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki kufa pamoja na Jumuiya mwaka 1977, shukeni kwenye rafu za East Africa Law Reports. Someni taarifa rasmi za Bunge mjue wabunge walibishania nini. Kila mnachosoma andikeni jina, ukurasa na tarehe siku hiyohiyo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na nimeona wanafunzi wakilia usiku wa mwisho wakitafuta ukurasa walioupita miezi minne nyuma. Na mkutubi muulizeni. Katika miaka yangu 31 sikuwahi kumfukuza mtu kwa swali.

Ila si haki niwaseme ninyi peke yenu. Wakubwa wenu tuna makosa. Kuna wasimamizi wanaosoma ikisiri na hitimisho kisha wanasaini. Kuna vibanda vya steshenari karibu na vyuo ambavyo mchana vinatoa fotokopi na usiku vinaandika tasnifu kwa malipo. Kila mtu pale mtaani anavijua, na hakuna anayevigusa. Kuna vyuo vinavyojenga ukumbi mpya ilhali maktaba ya sheria haijanunua juzuu moja kwa miaka, na chumba cha kusomea kimekuwa mahali pa kuchajia simu. Mtoto akikuta rafu tupu, atakwenda kwenye simu. Simu ikimjibu haraka kuliko sisi tulivyomjibu, tunamlaumu kwa uso gani?

Hata hivyo TanzLII ni bure. Hukumu ya Bi Hawa nilianza kuwapa watu katika juzuu lililochakaa, watatu wakilipangia foleni. Leo mnaweza kuisoma kitandani kwa bando la siku moja. Hapo sina huruma nanyi.

Yule binti alipewa miezi mitatu ya marekebisho. Baada ya kikao nilimfuata nje, nikamkuta amekaa kwenye ngazi, nikampa namba yangu ya simu. Jumamosi iliyopita alikuja nyumbani na hukumu ya Bi Hawa aliyoichapisha, ameipigia mistari kwa kalamu nyekundu mpaka ukurasa wa mwisho. Kabla hajaketi akaniuliza, "Mama, kwa hiyo hakupata chochote?" Nikamwekea chai. Tumepanga Jumamosi ijayo arudi na hukumu za Mahakama Kuu zilizosoma kifungu cha 114 kwa ufinyu, azipange kwa miaka. Nafasi mezani bado ipo kwa wengine wawili watatu.

Mama yenu,
mkutubi mstaafu