Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wetu: tunaomba kabati lifunguliwe

Ndugu Mganga Mkuu,

Salaam. Naandika hadharani kwa sababu barua nilizoleta kwa mkono zilifika masijala, zikagongwa muhuri, zikaishia huko huko.

Wiki iliyopita nilimpeleka mwanangu wa mwaka na miezi miwili zahanati ya kijiji. Homa na kikohozi. Kipimo kikaonyesha hana malaria. Tabibu, kijana mwenye foleni hadi nje ya mlango, akaandika panadoli na dawa ya kikohozi. Shati la mtoto halikufunuliwa. Usiku kifua kikawa kinabonyea kila akivuta pumzi; tukapakiana kwenye bodaboda, tukala vumbi la mashamba ya mkonge hadi hospitali. Muuguzi akamfunua, akatazama saa dakika nzima: pumzi 58. Kwa umri wake, hata 40 ni nyingi. Nimonia.

Simlaumu tabibu. Nakukumbusha wewe.

Ni wewe uliyesimama kwenye mkutano wa hadhara na kishikwambi mkononi, ukasema kina programu ya kumwongoza tabibu: aingize umri, aulize homa ya siku ngapi, ahesabu pumzi, ndipo afikie dawa. Tulipiga makofi sana siku ile. Kishikwambi kipo, nimekiona. Kimefungiwa kabatini na nailoni yake ya dukani. Chaja tu ndiyo iko kazini, inachaji simu ya mlinzi.

Nasikia leseni iliisha na fedha hazikutengwa. Wengine wanasema nywila aliondoka nayo mtumishi aliyehamishwa. Yote mawili naweza kuyaamini.

Kama ni leseni, programu huria zipo. Hazina ada ya leseni, na kanuni zake zinasomeka: kiwango cha pumzi kikikosewa, mtaalamu anakiona na kukirekebisha. Mafunzo, umeme na fundi vitagharimu, hilo naelewa. Ila msituambie ni mambo mageni. DHIS2 mnayotumia kutuma takwimu za vituo ni programu huria, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo. Kwa ripoti inafaa, kwa kifua cha mtoto haifai?

Wala hatuhitaji kwenda Ulaya kutafuta ushahidi. Mbeya na Morogoro, vituo 40 vilishiriki utafiti wa programu ya namna hii, iitwayo ePOCT+, na matokeo yakachapishwa 2024. Kwenye vituo vya kawaida watoto wagonjwa wapatao asilimia 70 waliandikiwa antibayotiki; penye programu, asilimia 23. Mwanangu huyu huyu aliwahi kumalizishwa chupa nzima kwa mafua tu. Safari hii, alipoihitaji kweli, hakupewa.

Na mkoa wetu umeshatoa mchango wake kwenye utafiti. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa Korogwe, kwenye mapaja na mikono ya watoto wa Tanga.

Sikuombi jengo wala gari. Naomba kabati lifunguliwe, kishikwambi kitumike. Kabati tu, Mganga Mkuu. Na kama huwezi kulifungua, tuambie ufunguo anao nani, tumfuate yeye.

Mzazi, Tanga